Jina la Kanga na Kisa Chake

Watu wa Pwani hawasemi kwamba kanga ina maandishi. Husema ina jina. Mwanamke akimwona shoga yake amejitanda doti mpya, swali la kwanza ni "Inasemaje?", na la bei hufuata baadaye, kama litafuata. Maneno yenyewe ni machache, aghalabu matatu, manne au matano, yaliyochapwa kwa herufi kubwa juu ya pindo la chini. Hata hivyo wapo wanawake wanaoiweka kanga sandukuni muda mrefu bila kuivaa, wakiingojea siku ambayo jina lake litapata mlengwa.

Makala haya yanaifuata desturi kongwe katika fasihi yetu: mtu kuipenda kauli iliyotungwa na mwingine, kuihifadhi, kisha kumpa rafiki. Kauli hiyo yaweza kuwa ubeti, kibwagizo cha wimbo, methali au jina la kanga. Juu ya watunzi tumeandika mengi. Juu ya wapokezi, yaani wale waliosikia, wakacheka, wakatia moyoni na kwenda kumwambia mwenzao, tumeandika kidogo sana, ilhali hao ndio walioamua kipi kibaki na kipi kipotee. Walifanya kazi ya maktaba pasipo maktaba. Tena waliifanya kwa upendeleo: walishika kilicho kifupi na kikali, wakakiacha njiani kisa kilichokizaa.

Tuanze na Muyaka bin Haji, kwa kuwa bila wapokezi hao tusingekuwa naye.

Muyaka aliishi Mombasa baina ya mwaka 1776 hivi na 1840, zama ambazo Wamazrui walikuwa wakiushikilia mji huo dhidi ya Seyyid Said wa Omani, huku Lamu ikiwa upande wa pili wa uhasama. Alitunga juu ya vita, biashara, mapenzi, njaa, marafiki waliomgeuka na watu waliojiona. Bahari yake ilikuwa shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani 16, umegawanyika katikati. Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979 juu ya mshairi huyu, alieleza kuwa Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imekuwa kama jina la kanga yenyewe, na wanaoirudia hawaulizi: sokoni aliupeleka kwa nani? Kwa watu wa barazani, naam. Kwa watu ambao ubeti mmoja wa mishororo minne waliweza kuubeba kichwani kutoka bandarini hadi nyumbani, na jioni wakautoa mbele ya wenzao kana kwamba wameutunga wao.

Umbo hilo lilikuwa limeumbwa kwa ajili ya safari. Utenzi wa beti mia tano huhitaji msomaji na mswada. Ubeti mmoja wa shairi huhitaji rafiki mmoja tu mwenye sikio. Muyaka alipenda kucheza na maneno yenye sura moja na maana mbalimbali, na mchezo wa namna hiyo una faida isiyosemwa sana: aliyeelewa hujisikia ameingizwa katika siri, na mwenye siri hawezi kukaa nayo peke yake. Lazima ampelekee mwenziwe, amtazame usoni akihangaika nayo, kisha amcheke kidogo kabla ya kumfumbulia.

Hivyo ndivyo beti zake zilivyovuka miaka. Mmisionari Mwingereza William Taylor alipofika Mombasa mwaka 1880, Muyaka alikuwa kaburini kwa miaka 40. Taylor alikuwa na sikio zuri la Kiswahili, na mwaka 1891 alichapisha London mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili. Lakini kwa Muyaka asingefika mbali peke yake. Aliyemsaidia ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi wa Mombasa, aliyezikusanya beti hizo kutoka katika kumbukumbu za wenyeji na kuziandika. Karatasi hizo ziliishia London, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kama diwani iliyochapwa Johannesburg. Yaani kutoka kufa kwa mshairi hadi kupatikana kwa kitabu chake ulipita muda wa miaka 100, na katika karibu nusu ya kwanza ya muda huo mali yote ilikuwa mikononi mwa marafiki, na marafiki wa marafiki.

Kilichopotea ni kingi. Muyaka alikuwa mtu wa majibizano. Alirusha fumbo na akarushiwa, alitukana na akatukanwa. Wapokezi wake, kwa mapenzi yao kwake, walishika upande wake. Kwa hiyo katika beti nyingi msomaji wa leo yu kama mtu aliyepita dirishani akasikia sauti moja tu ya watu wawili wanaogombana: maneno ni matamu, lakini aliyeambiwa ni nani, na amefanya nini? Thamani ya kuusikia upande wa pili ilionekana mwaka 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipotoa Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ambamo tungo za watu wa Mombasa na za watu wa Lamu zimekaa katika jalada moja. Hapo Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu anasikika kwa kinywa chake. Maneno ambayo yakiwa peke yake yangesomwa kama hekima ya jumla juu ya kiburi au subira, mbele ya mpinzani yanageuka kuwa mishale yenye anwani. Nisingependa kusema usomaji wa kwanza ni wa makosa. Ni usomaji wa mtu aliyepewa mshale akaambiwa ni pambo la ukutani.

Sasa turudi kwenye kanga, maana huko jambo hili limefika kilele chake.

Asili yake inajulikana kwa jumla. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Pwani walikuwa wakinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, na kuzishona sita pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona heri wachapishe nguo nzima. Jina la kanga lasemekana limetokana na ndege mwenye madoadoa, kwa sababu ya nakshi za mwanzo. Mombasa hata leo wengi huiita leso. Maneno yaliingia baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na mara nyingi sifa hupewa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake hadi leo zina alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Nguo zenyewe zilichapwa mbali: Uingereza, Uholanzi, India, Japani, na baada ya uhuru zikachapwa pia nyumbani, kama katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hebu fikiri: fumbo la mtaani Mombasa likisafiri kwa meli hadi kwa mchapaji asiyejua neno moja la Kiswahili, kisha likarudi kwa robota ili mke mwenza asomewe.

Jambo moja limenishughulisha muda mrefu. Kwenye kanga, jina la mwenye duka limechapwa wazi. Jina la kauli limechapwa wazi. Jina la mtunzi halimo. Maneno hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Wanawake walikuwa wakiwapelekea wenye maduka, au wenye maduka waliyaokota kutoka katika nyimbo, methali na magomvi ya mitaa. Huu ni ushairi uliovaliwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya karne, na karibu wote hauna mwenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili sijui utanzu mwingine wenye wasomaji wengi hivyo na watunzi wachache hivyo wanaotajwa.

Ajabu ni kwamba kutokuwa na mwenyewe ndiko kulikoipa kanga nguvu. Chukua methali ambayo kila mtu anaijua, na ambayo imepata kuwa jina la kanga: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Mpe shoga aliyekesha nawe hospitalini, naye ataipokea kwa machozi. Ivae siku ya arusi mbele ya yule ambaye hakukanyaga msibani kwako, na kabla ya pilau kupakuliwa kila mtu ukumbini atakuwa amejua. Herufi hazikubadilika hata moja. Na ukiulizwa, una jibu tayari: mimi nimevaa kanga tu, maneno ameyaandika Mhindi wa dukani. Vivyo hivyo kwa "Hasidi hana sababu", ambayo mwenye kuivaa hamtaji mtu, na kila mwenye wasiwasi hujitaja mwenyewe moyoni.

Kwa hiyo wanaosema kwamba majina ya kanga ni methali zilizochapwa juu ya kitambaa wamesema nusu ya jambo, tena nusu nyepesi. Methali katika kitabu cha methali haina anayeitoa wala anayeipokea. Jina la kanga lina wote wawili, na pengine mashahidi. Mwenye kununua amechagua, amepima, amekataa kanga kumi kwa sababu jina halikukaa sawa, akachukua ya kumi na moja. Uchaguzi huo ni tendo la kishairi, na kama lingekuwa na daftari la kuandikiwa tungelikuwa na historia ya urafiki na uadui wa Pwani nzima, mwaka kwa mwaka.

Taarabu ililifanya tendo hilo lionekane. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na kwa sahani hizo kauli za mitaa ya Ng'ambo zikafika kila mahali ambapo Kiswahili kilisikika. Nyimbo zao nyingi zilitokana na matukio yaliyojulikana: kesi za mahakamani, madhalimu, wapenzi waliosalitiana. Wimbo wa "Kijiti" ulihusu mauaji ya mwanamke, jambo ambalo watu wa Unguja hawakuhitaji kuelezwa. Msikilizaji wa mbali, aliyeupata wimbo huo kwa sahani, alipata sauti, mahadhi na ukali wake. Kisa alilazimika kukiulizia. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, na ingawa kitabu hicho kinasifiwa kwa lugha yake, mimi nakipenda kwa sababu nyingine: kinamrudishia msanii maisha yaliyomzunguka. Siti alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake zilipokelewa na wengine, na wengi wa kizazi chetu walizisikia kwanza kwa sauti ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013.

Lakini hasa nataka kusema juu ya kutunza. Katika hafla ya taarabu mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, na mama mmoja anainuka mezani. Anakwenda polepole, kwa maringo, noti mkononi. Anaiinua juu ili ionekane, anacheza hatua mbili tatu, anamtunza mwimbaji, na akirudi macho yake yanapita mahali fulani ukumbini na kutua. Ameinukuu. Hakufungua kinywa. Amechukua maneno yaliyotungwa na mtu asiyekuwapo, yaliyoimbwa na mtu asiyemjua, akatia sahihi yake chini kwa noti. Wakati mwingine mwenzake wa meza ya pili huinuka kwenye ubeti huohuo, na hapo hujui tena nani ananukuu nani. Washairi tunaolalamika kwamba hatusomwi tungefaa kukaa ukumbini usiku mmoja tuone usomaji wa namna hii, ambao msomaji hulipa papo hapo, ubeti kwa ubeti.

Mashindano yalikuwapo siku zote. Mombasa palikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyotupiana nyimbo. Unguja walikuwapo Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na Shakila aliimba kwanza katika kundi moja, kisha katika la pili. Miaka ya 1990 ikaja Tanzania One Theatre kwa upande mmoja na Muungano kwa upande wa pili, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, na neno mipasho likawa mdomoni mwa kila mtu. Wazee waliguna. Walisema taarabu imeharibika, fumbo limevuliwa nguo. Nakubali kwamba pazia lilikuwa limekuwa jepesi mno. Lakini kusema kwamba kurushiana maneno kulianza hapo ni kumsahau Muyaka, na kuwasahau akina mama wa lelemama. Sisi tumezipokea tungo za kale baada ya magomvi yake kuzikwa, tukadhani zilizaliwa zikiwa na upole huo.

Mbali na kumbi, kauli ziliishi katika madaftari. Kabla ya kaseti kuenea, mwanafunzi wa shule ya bweni aliyetaka maneno ya wimbo alikaa karibu na redio na kalamu, akashika mistari miwili, akangoja wimbo upigwe tena juma lijalo apate mingine miwili. Daftari likijaa lilizunguka bwenini, kila mmoja akinakili anachokipenda na kukiingiza katika barua. Makosa ya kusikia yakanakiliwa nayo, na kusema kweli mengine yalikuwa mazuri kuliko alichokusudia mtunzi. Redio yenyewe ilitoa nafasi kwa kadi za salamu: majina ya ndugu na jamaa, kisha mwishoni ujumbe, ambao aghalabu ulikuwa methali au kauli ya mkato. Watu walijulikana nchi nzima kwa ujumbe wao hali hakuna aliyewaona uso. Sijaona mkusanyo wa jumbe hizo, na kadi za karatasi hazidumu.

Gazeti lilifuata njia tofauti. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji pamoja na jina la mtunzi na mahali alipo, na aliyejibu alijibu kwa jina. Ndiyo maana majibizano ya washairi wa magazetini tunaweza kuyafuata hatua kwa hatua, wakati ya wanawake wa kanga na lelemama, yaliyokuwa makali vilevile na pengine mengi zaidi, hatuwezi. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa tungo. Ilitokana na nani alikuwa na kalamu, na nani aliambiwa andika jina lako hapa chini.

Leo kauli husafiri kwa simu kwa kasi ambayo hata sahani za Siti hazikuiota, na huvuliwa kisa chake upesi zaidi. Isiyokuwa na mtunzi hubandikwa jina la Shaaban Robert au la Mwalimu Nyerere, kwa kuwa jina kubwa huipa uzito. Iliyo na mtunzi hai hufika kwake mwenyewe kutoka kwa rafiki, ikiwa imefutwa jina lake, na rafiki akimsihi aisome maana ni nzuri sana. Wapo watakaosema hii ndiyo asili ya mapokeo simulizi, na kwamba kanga haikuwahi kumtaja mtunzi. Ni kweli. Lakini kanga ilikuwa na mwili uliovaliwa na mwingine ulioiona, mahali na siku. Kauli ya simu humfikia kila mtu, na kwa hiyo haimfikii mtu.

Mabibi na mama zetu wangali na masanduku. Ukimkuta mmoja wao akikunja kanga zake za zamani, na ukawa na subira, atakwambia ya kila moja: hii niliivaa siku fulani, hii alinipa fulani tulipopatana, hii sikuivaa kamwe kwa sababu yule niliyemnunulia alikufa kabla. Maelezo hayo ni nusu ya pili ya utungo. Kuyaandika kunahitaji daftari na alasiri chache, na ruhusa yake, maana baadhi ya waliolengwa wangali hai na wanaishi nyumba ya tatu.

Mwalimu Sikujua alifanya kazi ya namna hiyo kwa Muyaka. Aliziandika beti, na penye fumbo akawa mfafanuzi wake kwa mgeni asiyekuwapo zama hizo. Alifariki mwaka 1890, nusu karne kabla diwani haijachapwa.